Je, wajua kwa nini frateri anasomeshwa falsafa kabla ya kufika kwenye teolojia?

Kijana anaenda seminari kuu ili awe padri, halafu miaka ya mwanzo yote anasoma Plato na Aristotle (wanafalsafa wa Ugiriki ya kale), mantiki na maadili. Teolojia yenyewe bado kabisa. Kwa nini?

Jibu linalosikika sana parokiani ni kwamba falsafa iko pale kuwachuja, eti ni somo gumu linalotikisa imani, atakayevuka bila kuyumba ndo anafaa upadri. Hii si kweli. Kweli wapo wanaoachia njiani miaka hiyo, lakini mchujo una njia yake: gambera (mkuu wa seminari) na walezi wanamwangalia frateri kila mwaka, paroko wake anaandika ripoti baada ya likizo, na daraja (siku ya kuwekwa wakfu) ikikaribia majina yanatangazwa kanisani ili mwenye pingamizi aseme. Falsafa haijawekwa kwa ajili hiyo, na anayedhani hivyo anamwonea frateri huruma bure, maana anamwona kama mtu anayetegwa wakati ukweli anapewa vifaa vya kazi.

Jibu la pili linalopotosha ni kwamba mpangilio huu umeletwa na Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16), kwa kuwa ndio ulioagiza kila jimbo liwe na seminari, mwaka 1563. Seminari kweli zimetoka hapo. Lakini ukisoma agizo lenyewe unakuta sarufi, kuimba, hesabu za kalenda ya Kanisa, Maandiko, mahubiri ya watakatifu na namna ya kutoa sakramenti. Falsafa haikutajwa kwa jina, na wanafunzi waliofikiriwa ni watoto wa kuanzia miaka 12.

Mpangilio wenyewe ni wa zamani zaidi. Karne ya 3 kule Kaisaria ya Palestina, Origen, mwalimu Mkristo wa kale, alikuwa anawaanzishia wanafunzi wake mantiki, elimu ya maumbile, jiometria na maadili, Maandiko yanakuja baadaye. Tunayajua haya kutokana na hotuba ya mwanafunzi wake akimshukuru, ambayo kwa desturi inahesabiwa ni ya Gregori wa Kaisaria Mpya, ingawa wapo wataalamu wenye shaka kuhusu mwandishi. Baadaye sana Paris mambo yakageuka kwa namna ya ajabu: mwaka 1210 maaskofu walipiga marufuku kufundisha vitabu vya Aristotle kuhusu maumbile, na mwaka 1255 chuo kikuu cha hapohapo Paris kikaviweka kwenye ratiba ya lazima. Miaka 45 tu!

Sasa kwa nini wasianze na teolojia moja kwa moja? Chukua Ekaristi. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba baada ya mageuzo (padri anapotamka maneno ya Kristo juu ya mkate na divai) kilichopo altareni ni mwili wa Kristo, ila macho yanaona mkate, ulimi unaonja mkate. Mtu asiye na falsafa anabaki na njia mbili tu, aseme ni ishara tu au aseme macho yanatudanganya. Aristotle anatenganisha kitu chenyewe kilivyo na zile sifa zinazokikalia, yaani rangi, uzito, ladha, umbo. Mfikirie mtoto wa jirani aliyekuwa na kilo 12, leo ana 70, sauti imekuwa nzito na ndevu zimeota, sifa karibu zote zimebadilika lakini ni yuleyule na unamwita kwa jina lilelile. Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alichukua utofauti huo akaugeuza: kwenye Ekaristi kilichobadilika ni kitu chenyewe, sifa ndo zimebaki. Frateri ambaye hajakaa na wazo hili mpaka likamwingia atakariri mafundisho bila kujua yanakwepa kosa gani. Hata hivyo Trento yenyewe ilisema "maumbo" ya mkate na divai bila kumfunga mtu kwa mfumo mzima wa Aristotle, kwa hiyo tusiseme imani inamtegemea yeye.

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 250, inataka miaka isiyopungua 6, miwili ya falsafa na minne ya teolojia, na inaruhusu visomwe kwa kufuatana au kwa pamoja. Marekani hata mtu mwenye digrii yake ya uhandisi kwa kawaida anapitishwa kwanza kwenye falsafa ndo aingie teolojia. Tanzania vimetenganishwa mpaka majengo, falsafa iko Kibosho na Ntungamo, teolojia iko Segerea na Kipalapala. Kwa hiyo ukisikia frateri kamaliza Kibosho usianze kuchangisha za upadrisho, bado ana minne ya teolojia, pengine na mwaka wa uchungaji parokiani, halafu ushemasi usiopungua miezi 6.