Acheni Kuhesabu Gia, Geuzeni Gurudumu la Nyuma

Mteja anapoleta baiskeli kwangu, kabla hata hajasema imeharibika nini, hunitajia kwanza idadi ya gia: "Fundi, hii ina gia ishirini na moja, na ni Shimano." Anayefuata ana ishirini na saba, kwa hiyo anamtazama mwenzake kwa huruma. Wiki hii kijana mmoja wa Nyali ameniuliza, kwa dhati kabisa, kwa nini baiskeli yenye gia kumi na mbili tu inauzwa ghali zaidi ya ile ya rafiki yake yenye ishirini na moja, na nikaona ni afadhali niandike jibu mara moja, ili kila atakayekuja na swali hilo nimwelekeze hapa.

Gia 21 ni sproketi (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) tatu za mbele zikizidishwa kwa saba za nyuma, basi. Chukueni baiskeli ya kawaida ya aina hiyo: mbele ina meno 42, 34 na 24, na nyuma inaanzia meno 14 hadi 28. Katika gia yake nzito kabisa, ukizungusha pedali mara moja gurudumu huzunguka mara 3.0, na katika ile nyepesi kabisa huzunguka mara 0.86. Sasa chukueni ile ya gia 12, yenye sproketi moja ya meno 32 mbele na kaseti, yaani rundo la sproketi, ya meno 10 hadi 51 nyuma: nzito yake ni 3.2 na nyepesi yake ni 0.63. Yaani ile yenye gia chache ina gia nzito zaidi na nyepesi zaidi kuliko yenye gia nyingi. Zile nyingine zimekwenda wapi? Zimejirudia. Meno 24 mbele na 16 nyuma ni 1.5, na 42 mbele na 28 nyuma ni 1.5 ile ile. 24 kwa 14, 34 kwa 20 na 42 kwa 24 zote zinakaribia 1.7. Mnunuzi amelipia gia moja mara tatu na anajivunia.

Hata hivyo, sitaki kijana wa Nyali aondoke akiamini kwamba ni lazima anunue ya gia 12. Kisiwa chetu cha Mombasa ni tambarare, na anayetoka Makupa hadi Mama Ngina kila asubuhi atatumia gia nne au tano mwaka mzima. Gia nyepesi zina faida kwa anayepanda Mazeras, Rabai au barabara ya Kwale kuelekea Shimba Hills. Zaidi ya hayo, cheni ya gia 12 ni nyembamba, inataka kurekebishwa kwa usahihi mkubwa, na kaseti yake ikiisha utaitafuta kwa shida na kuilipia kwa uchungu. Mimi mwenyewe, ningepewa uhuru wa kuchagua, huenda ningebaki na sproketi tisa za nyuma, kaseti ya meno 11 hadi 34, ingawa najua vitabu na wauzaji wote watasema nimepitwa na wakati.

Kuhusu Shimano: ni kampuni ya mjini Sakai, Japani, iliyoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili, kile kipuri cha nyuma kinachoruhusu gurudumu liendelee kuzunguka pedali zikitulia. Haitengenezi baiskeli, inatengeneza vipuri, na vipuri vyake vya baiskeli za milimani vimepangwa kwa madaraja, kuanzia Tourney chini kabisa, kisha Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT, hadi XTR. Tangu mwaka 2023 kuna pia CUES, iliyoletwa kuchukua nafasi ya madaraja kadhaa ya chini na ya kati. Kusema baiskeli ni Shimano ni sawa na kusema gari ni Toyota bila kueleza kama ni Probox au Land Cruiser.

Wauzaji wanalijua jambo hili kuliko wanunuzi. Kipuri kinachotazamwa na kila mtu dukani ni kihamisha cheni cha nyuma, kwa kuwa kinaning'inia mahali pa wazi na jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Kwa hiyo baiskeli ya bei ya kati hupewa kihamisha cheni cha daraja la Alivio au Deore, na fedha zilizotumika hapo hurudishwa kimyakimya kwa kubana sehemu zisizoonekana: vibonyezo vya gia kwenye usukani ni vya daraja la chini, krenki (mikono inayobeba pedali) haina jina, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni ya aina ambayo ningeona haya kumfungia mtu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kihamisha cheni hakifanyi kazi kubwa. Kinafuata waya unavyokivuta, na anayeamua kama gia itaingia sawasawa ni kibonyezo. Kama ni lazima kimoja kiwe bora, ningetaka kibonyezo.

Lakini linalonikera kuliko yote ni habu ya nyuma, nami nitakaa hapo kidogo.

Kuna friwili na kuna kaseti, na watu huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Friwili ni sproketi pamoja na utaratibu wa kuteleza, vyote vikiwa kipande kimoja kinachofungwa kwa nyuzi za skrubu juu ya habu. Kwa kuwa kipande hicho kinachukua nafasi yote ya upande wa kulia, beringi ya upande huo hulazimika kubaki ndani, mbali na fremu, na ekseli hubaki sentimita kadhaa bila kitu cha kuishikilia. Kadiri sproketi zinavyoongezeka ndivyo urefu huo unavyoongezeka. Mpandishe hapo mtu wa kilo tisini, umpitishe kwenye matuta na mashimo yetu, na ekseli itapinda. Ikishapinda, beringi zinaliwa, na siku moja inakatika. Katika habu ya kaseti, aina ambayo Shimano ilianza kuitoa mwaka 1978, utaratibu wa kuteleza ni sehemu ya habu yenyewe, sproketi zinachomekwa juu yake, na beringi ya kulia inakaa nje kabisa, karibu na fremu. Ekseli inapata pa kuegemea. Tofauti hii haiandikwi kwenye kibandiko cha bei.

Namna ya kuitambua ni rahisi na haihitaji fundi. Inua gurudumu la nyuma, lishike lisizunguke, kisha zungusha sproketi kinyumenyume huku ukitazama katikati yake, pale penye meno madogo ya kuingizia kifunguo. Ikiwa meno hayo yanazunguka pamoja na sproketi, hiyo ni kaseti. Yakitulia wakati sproketi zinazunguka, hiyo ni friwili, na ukitaka siku za usoni kuweka kaseti utalazimika kubadilisha habu, jambo ambalo kwa kawaida ni kununua gurudumu zima. Muuzaji akikukataza kuinua baiskeli yake, nenda duka la pili.

Foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, nitaipita haraka. Foku ya bei nafuu yenye shoki ni springi na vyuma vizito vinavyocheza bila mpango, na kwa hewa yetu ya chumvi zile nguzo za chuma huota kutu pale zinapoingia kwenye mihuri ya mpira. Kwa bajeti ya kati, foku ngumu isiyo na shoki, pamoja na tairi nene zisizojazwa upepo kupita kiasi, ni bora mara nyingi. Najua hakuna atakayenisikiliza.

Breki za diski za mafuta zimeshuka bei na hata zile za daraja la chini za Shimano zinafanya kazi nzuri, ila someni diski yenyewe: nyingi zimechongwa maandishi yanayoruhusu pedi za resini tu, na ukizifungia pedi za chuma diski italiwa upesi. Mafuta yake ni ya madini. Anayekutilia mafuta ya breki za gari ataharibu mihuri yote.

Beringi ndizo zinazonitia shaka. Nyingi za Shimano ni za gololi zilizo wazi, unazofungua, unasafisha, unatia grisi na kurekebisha, na kwa anayevuka feri ya Likoni kila siku hiyo ni baraka, mradi afanye hivyo kabla chumvi haijachimba vikombe vyake, pale gololi zinapozungukia, kwani kikombe kikichimbika hakibadilishiki. Beringi zilizofungwa hazitaki matunzo, na zikifa unatoa na kuweka nyingine. Nimewahi kumshauri mtu aina moja na jirani yake aina nyingine, na wote wawili niliwaambia kweli: kinachoamua si beringi bali ni kama mwenyewe ataileta baiskeli kabla haijaanza kulia.

Mkishachagua, msitoke dukani bila kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kihamisha cheni kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe dhaifu makusudi, kipinde badala ya fremu kupinda, na karibu kila aina ya fremu ina umbo lake. Nunueni cha akiba siku hiyo hiyo, kikiwa bado kipo, na mkifunge kwa mpira chini ya kiti.