Viti 168, kisha viti 2

Anayeshuka Madrid siku hizi hutua kwenye uwanja wa ndege wa Adolfo Suárez Madrid-Barajas. Nikiwauliza wanafunzi wangu wa siasa za Ulaya huyo ni nani, hubahatisha: rubani? mfalme? Basi naandika ubaoni 168 na 2. Mwaka 1979, Suárez akiwa waziri mkuu wa Hispania, chama chake, UCD, kilipata viti 168 vya bunge kati ya 350. Mwaka 1982, na chama kipya cha CDS, aliambulia viwili.

Suárez alikulia ndani ya utawala wa Franco, dikteta aliyeitawala Hispania hadi alipofariki mwaka 1975: mkuu wa mkoa wa Segovia, mkurugenzi wa televisheni ya taifa, kisha waziri aliyesimamia Movimiento, chama pekee kilichoruhusiwa. Mfalme Juan Carlos alipomteua kuongoza serikali Julai 1976, akiwa na miaka 43, wapenda mageuzi walishika vichwa. Mwanahistoria Ricardo de la Cierva aliandika gazetini kwamba ni kosa, tena kosa kubwa mno. (Miaka minne baadaye akawa waziri wa huyohuyo Suárez. Siasa hizo!)

Kinachonivutia hasa ni tarehe 18 Novemba 1976. Bunge la Franco, ambalo watu wake hawakutokana na uchaguzi wa vyama, liliombwa lipitishe sheria ya kujifuta lenyewe. Hesabu aliipiga Torcuato Fernández-Miranda, spika na mwalimu wa sheria: tusivunje sheria ya Franco hata moja, tutumie sheria zake kuzaa nyingine. Akauendesha muswada kwa utaratibu wa dharura, mjadala usipate nafasi ya kurefuka. Suárez na watu wake wakawapitia wabunge mmoja mmoja. Wengi waliamini watarudi kwa njia ya kura, na kumpinga mfalme hadharani kulikuwa kuzito, maana kila mmoja aliitwa jina akajibu. Ndiyo 425, hapana 59, 13 hawakuegemea upande. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii mwenye nguo alipiga kura aliwe.

Bili ililetwa baadaye. Jumamosi Kuu, 9 Aprili 1977, Suárez alikihalalisha Chama cha Kikomunisti. Waziri wa jeshi la majini akajiuzulu, na maofisa wengi wakaona wamedanganywa. Kwa mrengo wa kulia akawa msaliti. Kwa wa kushoto alibaki kijana wa Franco. Mtu wa namna hiyo hana ngome. Uchumi ulipoyumba, ETA, kundi lenye silaha lililodai uhuru wa Wabaski, ikizidi kuua na vigogo wa UCD wakimchimba, aliachia ngazi 29 Januari 1981.

Tarehe 23 Februari bunge lilikuwa likimpigia kura mrithi wake pale Luteni Kanali Tejero alipoingia na askari wenye bunduki kujaribu mapinduzi. Risasi zilipolia, karibu wote walijitupa chini ya viti. Suárez alibaki ameketi. Nadhani heshima yake ya leo ilianzia kwenye kiti kile, ingawa wapiga kura hawakuigeuza kuwa viti mwaka uliofuata.

Aliacha siasa mwaka 1991, kisha maradhi yakamla kumbukumbu. Mwaka 2008 mfalme alimpelekea nyumbani Nishani ya Ngozi ya Dhahabu, heshima ya juu ya ufalme wa Hispania. Picha ya siku hiyo, iliyopigwa na mwana wa Suárez, inawaonyesha kwa mgongo wakitembea bustanini, mkono wa mfalme begani mwa Suárez. Wakati huo Suárez hakukumbuka tena kwamba aliwahi kuongoza Hispania.