Baiskeli, bega la barabara na mstari mweupe: namna ya kuzisoma alama

Simama alfajiri kando ya lami inayoingia Tabora mjini, utawaona watu wa mkaa. Magunia yamefungwa kwa mipira nyuma ya baiskeli, mwenyewe anakokota, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeegemea mzigo. Nyuma yake fuso linapiga honi. Dereva anaona huyu kaingia barabara ya magari. Mwenye baiskeli anaona yuko kwenye njia yake, maana mstari mweupe uko kuliani kwake.

Mstari ule wa pembeni hautengi njia ya baiskeli. Unaonyesha magari yanaishia wapi. Kinachofuata ni bega la barabara. Pitisha baiskeli hapo, ni afadhali kuliko kubanana na magari, ila ujue kwamba gari bovu huegeshwa hapo hapo na wanafunzi hutembea hapo hapo. Njia ya baiskeli yenyewe utaitambua kwa picha ya baiskeli iliyochorwa chini kwa rangi nyeupe, au kwa kibao. Usipoona kimojawapo, hesabu uko begani.

Kwenye kibao, tazama umbo kabla ya picha. Duara la bluu lenye baiskeli nyeupe ni amri: njia hii ni ya baiskeli. Bodaboda haimo, hata kama foleni ni ndefu kiasi gani. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu ni katazo: baiskeli zisipite. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu mtu anaona picha ya baiskeli na kudhani amekaribishwa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu ni onyo, na dereva ndiye anayeambiwa: punguza mwendo, mbele kuna baiskeli.

Mstari usiokatika kati ya baiskeli na magari haukanyagwi. Ukianza kukatika-katika, mara nyingi umekaribia makutano au mlango wa kuingilia kituo cha mafuta. Pale magari yanaruhusiwa kuukata, kwa hiyo geuza shingo utazame nyuma hata kama haki ya kupita ni yako. Mwenye mzigo mpana ashuke akokote. Gunia likivuka mstari, nawe umevuka.

Kuna jambo moja huwa linanisikitisha. Rangi ya barabarani huchanganywa na chembe ndogo za kioo ili mstari ung'ae ukipigwa na taa za gari. Kiangazi, vumbi letu jekundu huzifunika, na usiku mstari unaonekana kama haupo. Kwa hiyo weka nyuma kiakisi chekundu, kile kinachorudisha mwanga wa taa, na mbele taa, usiutegemee mstari peke yake.

Kibao kikianguka au rangi ikifutika, toa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa. Barabara za mitaa zinatunzwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara Tanzania. Taja jina la barabara na kitu kilicho jirani, mwembe, shule au kisima, ili fundi asizunguke akitafuta.