Mabamba Yanapopishana: Ufa Ulionyamaza Ndio wa Kuogopwa

Mabamba yanayounda ganda la dunia yako yanayoachana, yanayogongana, na yanayopishana ubavu kwa ubavu. Penye kupishana hakuna ganda jipya linalozaliwa wala la zamani linalozama, ndiyo maana volkano ni nadra huko. Kuna msuguano tu kwenye ufa unaoyatenganisha mabamba, na matetemeko yake huanzia karibu na uso wa ardhi, kwa kawaida kina kisichozidi kilomita 20. Ndiyo sababu yanabomoa sana.

Ufa wa San Andreas, California, una urefu wa kilomita 1,200 hivi. Sehemu kubwa yake hubeba mwendo wa takriban milimita 35 kwa mwaka kati ya bamba la Pasifiki na la Amerika Kaskazini. Miamba iking'ang'aniana kwenye ufa, mabamba hayasimami kuingoja: ardhi ya pande zote mbili hupinda polepole. Miaka 100 ya ukimya ni deni la mita 3.5, na deni hilo hulipwa kwa sekunde chache. Mwaka 1906 lililipwa. Ufa ulipasuka kwa kilomita 470 hivi, San Francisco ikateketea, na katika baadhi ya sehemu ardhi ilihama hadi mita 6. Mwanasayansi Mmarekani Harry Fielding Reid alilinganisha vipimo vya ardhi vya kabla na baada ya tetemeko, akaeleza kuwa miamba hupinda, hukatika, kisha hurudi kunyooka.

Karibu na mji wa Hollister, ufa huohuo huteleza kidogo kidogo, hivyo deni halirundikani sana. Kuta na kingo za barabara hupinda mwaka hadi mwaka, na watu huingiwa na hofu wakiziona. Hofu hiyo tungependa ielekezwe kwingine, kule ambako ufa umekwama na hakuna kinachoonekana.

Nyufa nyingi za aina hii ziko chini ya bahari, zikikata safu za milima ambako sakafu mpya ya bahari huzaliwa. Ukitazama ramani utadhani safu imekatwa na vipande vyake bado vinazidi kuachana. Sivyo. Mwaka 1965 mwanasayansi wa Kanada aitwaye J. Tuzo Wilson alionyesha kwamba mwendo halisi ni kinyume cha unavyodhaniwa, na kwamba ufa uko hai kati ya ncha mbili za safu peke yake. Nje ya hapo pande zote mbili huelekea njia moja, hivyo hubaki kovu tu, lisilo na matetemeko ya maana.

Ufa haufunguki ukameza watu. Hatari ni mtikisiko, ambao huzidi kwenye udongo laini hata mbali na ufa, na kukatika kwa kilichojengwa juu ya ufa wenyewe. Hilo la pili hakuna nondo inayolizuia. Dawa ni kusogea. Sheria ya California ya 1972 inakataza kujenga makazi juu ya ufa hai, na kwa kawaida nyumba huwekwa umbali wa mita 15.

Barabara na mabomba hayana budi kuvuka. Bomba la mafuta la Alaska, linapopita kwenye ufa wa Denali, ambao nao hupishana kwa ubavu ingawa uko ndani ya bara, liliwekwa juu ya mihimili mirefu ili liteleze kando hadi mita 6. Novemba 2002 tetemeko la ukubwa wa 7.9 liliihamisha ardhi hapo zaidi ya mita 4. Baadhi ya vishikizo vinavyolibeba bomba viliharibika, lakini bomba halikupasuka na mafuta hayakumwagika.