Je, wajua kwa nini London iliongoza orodha ya miji ya wanafunzi wakati kodi ya chumba haishikiki?

Kwa miaka sita mfululizo London ilikaa kileleni mwa orodha ya miji bora kwa wanafunzi inayotolewa na QS, kampuni ya Uingereza inayopanga pia vyuo vikuu duniani, hadi Seoul ilipoipiku mwaka 2025. Mwulize kijana yeyote anayesoma pale, atakuanzia na kodi ya chumba. QS wenyewe hawakulificha hilo: kwenye kipengele cha unafuu wa gharama, London ilikuwa ikiburuta mkia. Sasa iliongozaje?

Jibu liko kwenye hesabu. Vigezo ni sita: ubora wa vyuo, mchanganyiko wa wanafunzi, mvuto wa jiji, waajiri, gharama na maoni ya wanafunzi. Alama zote zinajumlishwa. Ni kama yule aliyeanguka Hisabati kidato cha nne, masomo mengine yakambeba, akaondoka na divisheni wani. London ina Imperial, UCL, King's na LSE. Kwa vyuo kama hivyo, alama zilizopotea kwenye kodi zinafidiwa mapema.

Hata mlango wa kuingilia una masharti yake. Jiji liwe na wakazi wasiopungua 250,000, na angalau vyuo viwili vilivyomo kwenye orodha ya vyuo ya QS. Ndiyo maana Oxford na Cambridge huzikuti humo: kila mmoja ni mji usiofikisha watu 200,000. Ukiona mji unaoupenda haumo, usidhani umeshindwa. Huenda haukuruhusiwa hata kushindana.

Gharama iliyomezwa na jumla hiyo si ndogo. Mwanzoni mwa 2025, kanuni za visa za Uingereza zilimtaka mwanafunzi wa London aonyeshe pauni 1,483 za kujikimu kwa kila mwezi, hadi miezi tisa. Nje ya London zilihitajika 1,136. Tofauti hiyo kwa miezi tisa ni pauni 3,123, na hapo ada haijaguswa.

Orodha nyingine inayotajwa sana magazetini ni ile ya miji bora ya kuishi, inayotolewa na Economist Intelligence Unit, kampuni ya utafiti ya Uingereza. Melbourne iliongoza kuanzia 2011 hadi 2017, kisha Vienna ikatamba kwa miaka kadhaa, na 2025 ikaja Copenhagen. Hii hupima usalama, afya, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu. Gharama za maisha hazimo kabisa! Haishangazi ukijua moja ya kazi zake: kuzisaidia kampuni kukadiria posho ya ugumu wa maisha kwa wafanyakazi wanaotumwa nje ya nchi. Mtu wa aina hiyo mara nyingi nyumba hulipiwa na mwajiri, kwa hiyo bei ya chumba haimkoseshi usingizi. Mhitimu wa juzi anayetafuta kazi ya kwanza hakuwa akilini mwa waliobuni kipimo hicho.

Ila Vienna kweli inawafaa wenye kipato kidogo, na chanzo chake ni cha zamani. Kati ya 1919 na 1934 halmashauri ya jiji iliwatoza kodi wenye mali, ikajenga nyumba zaidi ya 60,000 za kupangisha wafanyakazi. Leo takriban nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za jiji au zenye ruzuku. Mgeni hapewi nyumba ya jiji siku anayoshuka uwanja wa ndege, kwani kuna sharti la kuwa umeishi Vienna miaka miwili, lakini wingi wa nyumba hizo huwabana hata wenye nyumba binafsi wasijipangie bei wanavyotaka.

Kwa anayetoka kwetu kwenda kusoma, mimi ningeanzia kwenye kipimo ambacho hakimo hata kati ya vile sita: baada ya kuhitimu unaruhusiwa kubaki muda gani ukitafuta kazi? Ujerumani hutoa miezi 18. Uingereza ilianza kutoa miaka miwili Julai 2021, lakini kwa wenye shahada ya kwanza na ya uzamili watakaoomba kuanzia Januari 2027, nayo inashuka hadi miezi 18.