Si kila maumivu baada ya kula ni vidonda vya tumbo

Mtu akisema tumbo linamuuma kila akila, jibu huwa tayari: vidonda hivyo. Wakati mwingine ni kweli, lakini si mara zote. Chini kidogo ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, hutoa ateri ya juu ya mesenteri, mshipa unaolisha karibu utumbo mwembamba wote, sehemu ya kongosho na mwanzo wa utumbo mpana. Chakula kikiingia, utumbo huhitaji damu nyingi zaidi. Mshipa ukiwa umebanwa na mafuta yaliyoganda ukutani, na mishipa jirani nayo imechoka kusaidia, maumivu huanza dakika 15 hadi 60 baada ya kula. Mgonjwa huogopa chakula, hukonda. Dawa za kupunguza asidi hazimsaidii, na inauma kuona mtu akizimeza miezi na miezi. Wazee, hasa wavutaji sigara, wako hatarini zaidi. Picha ya CT ya mishipa ya damu hubainisha tatizo.

Ateri hiyo ikiziba ghafla, maumivu huwa makali mno ilhali tumbo likibonyezwa ni laini. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo: utumbo huanza kufa ndani ya saa chache.