Una kadi, lakini jina lako liko kituo gani?

Kwenye semina za elimu ya mpiga kura kuna swali halikosekani: "Mimi nilijiandikisha, mbona jina langu silioni?" Ukimuuliza alijiandikisha lini na wapi, mara nyingi jibu linapatikana papo hapo. Alijiandikisha kweli, ila kwenye kitabu kingine.

Tanzania Bara tuna vitabu viwili. Kuna Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililo chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na hilo ndilo la kura ya Rais, mbunge na diwani. Halafu kuna orodha ya wapiga kura wa serikali za mitaa, ambayo mara ya mwisho ilisimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa), kwa ajili ya wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji. Orodha ya mwaka 2024 iliandikwa kuanzia Oktoba 11 hadi 20, watu wakapiga kura Novemba 27. Unaandikwa jina kwa kalamu, unaondoka mikono mitupu: hakuna picha, hakuna alama za vidole, hakuna kadi. Basi wenye kadi za Tume wakaona hawana haja ya kwenda, na walioandikwa mtaani wakadhani wameshamaliza hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Mimi sioni faida ya kumwandika mtu yule yule mara mbili, lakini ndio utaratibu tulio nao.

Turudi kwenye daftari la Tume, maana hapo ndipo watu wanapoachwa na basi. Sheria inataka liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na siku ya uteuzi wa wagombea wa uchaguzi unaofuata. Kwa hiyo katika miaka mitano una nafasi mbili tu, na kila moja ni fupi. Uboreshaji uliopita ulizinduliwa Kigoma Julai 20, 2024, ukazunguka nchi kwa mafungu ya mikoa, siku saba kila mahali. Ukiwa safarini wiki hiyo, unasubiri awamu ya pili. Ndiyo maana nasisitiza kusikiliza matangazo ya mkoa wako, maana tarehe za Kigoma hazimsaidii mtu wa Mtwara.

Vituo hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Nenda siku za mwanzo. Siku ya mwisho foleni inakuwa ndefu kuliko subira ya watu. Anayeruhusiwa ni raia aliyetimiza miaka 18, au atakayeitimiza kufikia siku ya kupiga kura. Hilo la pili vijana wengi hawalijui, wanabaki nyumbani kwa sababu leo wana miaka 17.

Ukifika, taarifa zako zinajazwa kwenye fomu, kisha unahamia kwenye mashine ya BVR, ile ya kuandikisha kielektroniki, kwa picha, vidole na saini. Fundi ujenzi au mama anayefua kila siku anaweza kuweka kidole mara kadhaa mashine ikikataa, kwa kuwa mistari ya kidole imelika. Futa mikono vizuri, bonyeza taratibu, usione haya. Kadi inachapishwa hapo hapo. Usiitie mfukoni kabla hujaisoma jina herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, usikubali kuondoka na "Mwanahamis".

Wenye kadi nzima na wasiohama hawana la kufanya. Waliohama ndio tatizo kubwa. Mtu alijiandikisha Mbagala, sasa anaishi Goba, na anadhani kadi itamfuata. Kadi haimfuati, jina lake limebaki Mbagala. Anatakiwa aombe kuhamishwa wakati wa uboreshaji. Anaweza kuanza kwa simu kupitia mfumo wa Tume wa mtandaoni, kisha akamalizie kituoni. Tafadhali usijiandikishe upya kana kwamba hujawahi kuwa na kadi: kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na kifungo chake kinafika miaka miwili.

Kwa Zanzibar hesabu ni nyingine, kwa sababu Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ina daftari lake kwa kura ya Rais wa Zanzibar na Wawakilishi. Na Mtanzania aliye Muscat au London hana kituo cha kupigia kura huko.

Baadaye Tume hubandika daftari la awali hadharani. Wengi hupita bila kulitazama. Simama utafute jina lako, na la marehemu wa nyumbani kwenu pia, ili liombewe kufutwa. Hata kama kadi imepotea, kwenye chaguzi zilizopita Tume iliruhusu leseni ya udereva, pasipoti au kitambulisho cha taifa (cha NIDA) badala yake, kwa sharti kwamba jina liwe kwenye daftari la kituo hicho na lifanane na la kitambulisho. Hapo ndipo ile "i" ya Mwanahamisi inapoleta ubishi na msimamizi wa kituo, huku foleni ikiwa nyuma yako.